Kupima algoritimu: mafumbo ya kubahatisha au oda halisi?

Umeunda algoritimu ya kupanga safari za magari ya mizigo Nairobi. Uijaribu kwa mafumbo ya kubahatisha, yaani yaliyotungwa na kompyuta kwa bahati nasibu, au kwa oda halisi za kutoka Industrial Area hadi Kasarani?

Mafumbo ya kubahatisha hayaishi, na ugumu wake unauongeza utakavyo. Chukua 3-SAT, fumbo la kuvipa vigeu thamani ya kweli au si kweli ili kila sharti, lenye vigeu vitatu, litimie: masharti yakiwa machache jibu hupatikana haraka. Yakizidi mno, ni rahisi zaidi kuthibitisha kwamba halipo. Kazi iko katikati, karibu na masharti 4.26 kwa kila kigeu. Hapo ndipo algoritimu hutoka jasho.

Oda halisi zina vituko vyake: wateja wamerundikana Westlands, Thika Road jioni haisogei, umbali wa kwenda si sawa na wa kurudi. Wateja wa kubuni, yaani nukta zilizotawanywa ovyo kwenye mraba, hawajui foleni. Ila mwenye kampuni hatoi data yake, basi hakuna wa kurudia jaribio lako. (TSPLIB, mkusanyiko wa wazi wa mafumbo ya kupanga safari uliotolewa na Reinelt, 1991, ulisaidia hapo.)

Mimi huanza na ya kubahatisha kusaka hitilafu, lakini singemshauri mtu anunue programu kwa matokeo hayo pekee. Na kama algoritimu yenyewe hubahatisha, iendeshe mara nyingi kwa mbegu tofauti (namba za kuanzishia bahati nasibu), uripoti hata matokeo mabaya.