Kupimwa korona bila kuumwa: uzoefu wangu barabara ya Malaba

Watu wananiuliza kama kupimwa korona mpakani bila kuumwa kulikuwa na maana. Nianze na jibu kabisa ndio mwenye haraka aende zake: kipimo chenyewe nakipa alama nzuri, ile mipango ya kungoja majibu siipi kitu. Mimi ni dereva wa trela, kwangu ni Tororo, Uganda, napakia Mombasa, navuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Malaba, nashusha Kampala, saa zingine napitiliza kupitia Elegu, mpaka wa kwenda Sudan Kusini, mpaka Juba, kwa hivyo kutoka 2020 mpaka 2022 hii pua yangu imeingizwa kila aina ya pamba. Na muda wote huo sikuwahi kuumwa hata kikohozi. Hapo ndio watu wa nyumbani walikuwa wanashangaa, sasa kama huumwi unapimwa nini?

Unapimwa kwa sababu hii korona haingoji ukohoe. Mtu anaanza kuambukiza kama siku moja au mbili kabla hajasikia lolote, na kuna wengine inaingia inatoka bila hata mafua. Kile cha kupima joto wanakuelekezea kwenye paji hakiwezi kumnasa mtu kama huyo, anapita na thelathini na sita yake anaingia zake Bugiri, mji wa njiani ndani ya Uganda, kula chakula cha mchana. Kwa hivyo mimi na wanaosema ilikuwa ni kutusumbua bure hatukubaliani.

Aprili 2020 ndio walianza kutupima sisi wa malori wote mpakani, mgonjwa asiwe mgonjwa. Kipimo kilikuwa PCR, kile cha maabara kinachotafuta chembe za virusi vyenyewe. Sista amejifunika nguo nyeupe mpaka huoni uso, anakwambia mzee inua kichwa usirudi nyuma, halafu anaingiza kijiti chembamba puani na hakisimami pale unadhani kitasimama, kinaenda mpaka unasikia kama kimegusa koo kwa nyuma, anakizungusha pole pole, machozi yanatoka yenyewe hata kama wewe ni mwanaume wa namna gani. Anakivunja kwenye alama yake, anakitumbukiza kwenye kachupa kenye maji ya pinki, anaandika jina lako na kalamu nene. Imeisha. Nikasema pole sista, maana yeye alikuwa amesimama na hizo nguo kwa jua la Malaba na sisi mstari wetu hauna mwisho. Kwa huduma ya mikono, wale watu tano juu ya tano.

Sasa majibu. Mwanzoni sampuli zilikuwa zinapelekwa UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, zaidi ya kilomita 200, na wanaotoka Mutukula, mpaka wa Tanzania, na Elegu nao zao zinaenda huko huko. Wiki za kwanza ukishatoa sampuli unaendelea na safari, majibu yanakufuata njiani, yani mtu anapigiwa simu yuko positivu na ameshashusha mzigo na ameshalala kwa loji. Mei wakabadilisha, hakuna kuingia mpaka jibu litoke. Hiyo inasikika vizuri ukiwa ofisini. Kwa barabara foleni ilirudi ndani ya Kenya kilomita na kilomita, magari pua kwa mkia, na sisi tunafanya nini huko? Tunapika stovu moja watu sita, jerikeni ya maji ni moja, usiku tunakaa chini ya trela tunacheza drafti tukipiga stori. Sampuli yangu imetoka pua ikiwa safi, halafu naenda kuchanganyika na watu hawajapimwa, halafu siku jibu linakuja negativu napewa karatasi ya saa ile niliyopimwa, sio ya leo. Na hata saa ile, kama umeambukizwa jana kipimo kinaweza kisione kitu.

Upande wa pili pia kuna shida. PCR ni kali, inaweza kuokota mabaki ya virusi wiki kadhaa baada ya mtu kupona na haambukizi tena. Jamaa mmoja wa kampuni yetu aliwekwa pembeni, mzima kabisa, anapimwa tena inasoma positivu, anapimwa tena vile vile, gari limesimama bosi anapiga simu kila saa.

Na jina tulilopata, la wasambaza korona! Naluwerere, kituo cha malori karibu na Bugiri, pale tunasimama kila siku miaka yote, mama wa chai ananiwekea kikombe mbali juu ya jiwe, anarudi nyuma ndio nichukue. Rais alivyosema madereva wa kigeni wasihesabiwe kwa idadi ya wagonjwa wa Uganda, sisi wenye pasipoti ya Uganda tukabaki tunaangaliwa vile vile tu.

Nimewahi pia kupima kwa maabara ya kulipia Kampala, jina nawaachia. Haraka ndio, cheti kina mhuri na alama ya QR ya kuskani, ila namba ya pasipoti ni ya mtu mwingine. Nilirudi wakanitengenezea bila kuomba msamaha. Shemeji yangu yeye alipimwa Entebbe akitoka Dubai 2021, wakati kila anayeshuka ndege analazimishwa, mwanzoni ilikuwa dola 65, baadaye ikashushwa mpaka 30.

Halafu Januari 2022. Mpakani upande wa Uganda wakasema kila dereva apimwe na alipe dola 30, hapo Kenya walikuwa wanapima bure. Dola 30 kila safari kwa posho gani? Tukazima injini. Na kwenye foleni kulikuwa na matanki ya mafuta, kwa hivyo Kampala wakajua kumbe kuna watu wanaitwa madereva, petroli ikafika shilingi 10,000 za Uganda lita sehemu zingine. Serikali ikaondoa malipo, tukasonga.

Kama itakuja korona nyingine, mimi nataka hiki kipimo cha haraka, cha antijeni, kisichohitaji maabara. Kijiti hakiendi mbali sana, matone kadhaa kwenye kaplastiki, dakika 15 mpaka 30 unaona mstari mmoja, huna, au miwili, unayo. Najua kinakosa watu kuliko PCR, hasa hawa wasio na dalili, WHO yenyewe inataka kishike angalau 80 kwa 100 ya wale PCR inawaona. Ila kinachokosa sana ni wenye virusi vichache, na ukinipima bure kila nikipita, utaninasa safari hii au ile, na utaninasa bado niko mbele yako, sijafika kwa loji. Kitu kimoja tu waongeze: ukikutwa na mistari miwili, mlinzi wa gari awepo. Nimeona wenzangu wanaomba wasipimwe kabisa na hawaogopi korona, wanaogopa kulazwa huku trela imeachwa barabarani, mafuta yananyonywa usiku na sili ya kontena inakatwa, na hiyo hasara bosi anakata kwa mshahara.