TAHADHARI: Tofali za "inchi 6" zilizonyolewa kila upande

Wakuu mnaojenga, someni hii kabla hamjatoa advansi.

Wiki iliyopita nilinunua tofali 1,000 za inchi 6 kwa jamaa mmoja mwenye kiwanda kidogo cha kufyatua kando ya barabara. Jina silitaji. Wenzake wote wanauza tofali moja shilingi 1,500, yeye 1,300. Tofali aliyonionyesha niliipima mwenyewe: 18 kwa 9 kwa 6, safi kabisa. Mzigo ukaja saa moja usiku, vijana wakashusha mbio mbio, mimi nahesabu idadi kwa tochi ya simu.

Asubuhi fundi kavuta kamba, kapanga kozi (mistari ya tofali) mbili, akaniita. "Bosi, hebu lete tepu." 17 kwa 8 kwa 5. Tukachomoa nyingine kumi na kitu kwenye rundo, zote hivyo hivyo.

Nikampigia muuzaji, akajibu: "Kaka, si inchi moja tu hiyo? Nyumba haijui."

Hapo ndipo tunapopigwa. Hiyo inchi moja imetoka kwenye urefu, ikatoka kwenye kimo, ikatoka na kwenye unene, na vipimo hivyo vinazidishana. Tofali kamili ina inchi za ujazo 972. Yangu ina 680. Asilimia 30 ya mchanga na saruji niliyolipia imebaki kwake, na bei kanipunguzia asilimia 13!

Na ukuta haujapungua. Uso wa tofali kamili ni inchi za mraba 162, wa hizi ni 136. Pale ambapo 1,000 zingetosha, sasa nahitaji kama 1,190. Zidisha kwa 1,300 upate 1,547,000. Kumbe zile za "bei ghali" zingeniishia 1,500,000. Kozi 9 za kufika linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) zimekuwa 10, kila kozi na mota yake (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia tofali), na fundi analipwa kwa tofali, kwa hiyo yeye hana shida.

Msichanganye na tofali ya inchi 5 ya halali, 18 kwa 9 kwa 5. Ile imepungua unene tu, uso ni uleule, idadi haibadiliki, na unajua unachonunua.

Pimeni pande zote tatu, tena siku ya kushusha, mchana kweupe. Risiti iandikwe vipimo vyote vitatu. Yangu imeandikwa "tofali 1,000" basi, ndiyo maana sina pa kumshikia. Na mkifika kiwandani ombeni kuona kalibu, ile fremu ya kufyatulia tofali. Huyu anazo mbili; ya pili nimeiona jana nilipomfuata, imefunikwa mifuko ya saruji.

Zimebaki 940 hapa saiti. Anasema zikishashushwa hazirudi.