Unguja hadi Pemba: ndege au boti?

Kiwanja cha Unguja hadi cha Pemba ni takriban kilomita 125 angani. Ndege ndogo ya Cessna Caravan huenda kama kilomita 300 kwa saa, hivyo safari ni nusu saa hivi, kupaa na kutua ndani yake. Taabu ni mzigo: mara nyingi kilo 15 tu, begi liwe laini, maana sanduku gumu haliingii vizuri tumboni mwa ndege. Usishangae ukipimwa uzito na wewe mwenyewe. Rubani anapanga mizani ya ndege, isielemee upande mmoja.

Boti hutoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, huchukua saa kadhaa na kukushusha Mkoani, kusini mwa Pemba. Mji wa Chake Chake bado ni kilomita 30 kwa gari. Mwenye magunia apande boti, ila kusi ikivuma, mkondo wa Nungwi hutapisha.