Unga wa njiwa ni mzuri, muuzaji ndiye sumu

Nilijiambia nisiandike kitu mpaka hasira ipoe. Wiki zimepita, haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Ni ule unga wa Ubelgiji wa kuchanganya na maji, wa kumpa njiwa anaporudi kutoka mashindano ya kurushwa mbali na kuruka mpaka nyumbani. Yaliyomo mtayasoma wenyewe kwenye pakiti, mkibahatika kupewa pakiti. Mimi wangu nilipimiwa ndani ya plastiki nyeusi, kama chumvi ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Hapo ndipo ningegeuka nikarudi nyumbani. Sikugeuka.

Duka lenyewe, la dawa za mifugo, liko hapa Lubumbashi mjini, jina nalihifadhi. Nyuma ya meza alikuwa bwana mmoja anakula karanga. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza shida yangu: kesho kutwa njiwa wetu wanarushwa kutoka Likasi, joto ni lile la kabla ya mvua, nataka kitu cha kuwarudishia nguvu. Akaacha kutafuna.

“Papa, njiwa shi ni mboga?”

Wateja wawili wakacheka. Mmoja alikuwa na kifaranga mgonjwa mkononi, na yeye akacheka! Nikajifanya mjuzi, nikamwambia kuna njiwa jike wa Ubelgiji, New Kim, aliuzwa mwaka 2020 kwa euro milioni 1.6. Bwana akatikisa kichwa: “Basi kamata yako, peleka kule.” Akapima unga, akapokea franga zangu. Nilipouliza kipimo alijibu bila kuniangalia: “Kijiko cha supu, litre moja.” Kisha akarudia karanga zake.

Sisi si klabu ya maana. Ni wanaume wanne wa mitaa ya Katuba na Ruashi, matenga mawili, na dereva wa lori ambaye saa zake anazijua Mungu. Njiwa walipaswa kuachiwa alfajiri. Dereva aliwaachia saa nne. Likasi hadi hapa kwa barabara ni kama kilomita 120, na ndege aliyezoezwa anakata zaidi ya kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo wa kwanza walitua kabla ya saa sita. Wangu, dume la kijivu niliyemwita Kafubu, alitua saa tisa na nusu. Wapi alikopita sijui, na yeye hasemi. Mabawa yalining'inia, mdomo wazi. Nilipompapasa kifuani mfupa ulikuwa umejitokeza kama mgongo wa kisu.

Njiwa hatoi jasho. Joto lake analipumua nje, na maji yanatoka nayo, ndiyo maana kitu cha kwanza ni kinywaji, chakula baadaye. Hilo nililijua. Nikachanganya unga kama nilivyoambiwa, kijiko cha supu kimejaa, nikamwekea.

Mnaofuga mnajua njiwa anavyokunywa. Hainui kichwa kama kuku. Anazamisha mdomo na kuvuta, kama mtu na mrija. Kafubu alizamisha mdomo, akauchomoa, akatikisa kichwa mpaka matone yakanirukia usoni. Akajaribu tena. Akachomoa tena. Ndege amekaukiwa, maji yako mbele yake, na anayakataa! Na mimi, mjinga, nikamfungua mdomo nikamdondoshea kwa sirinji. Usiku ule kinyesi chake kilikuwa maji matupu.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, mstaafu wa reli, aliyefuga njiwa kabla sijazaliwa. Alichovya kidole katika lile bakuli, akalamba, akatema.

“Mwanangu, umemupa maji ao bahari?”

Unga ule una chumvi, na chumvi ikizidi, inamnyonya ndege maji badala ya kumpa. Mzee alimwaga yote, akaosha bakuli, akaweka maji safi yenye asali kidogo, akamfunika Kafubu gunia kwenye kona yenye giza ili majike yasimsumbue. Ndege alikunywa mpaka nikahesabu kuvuta kwake. Jioni ya pili mchele kidogo na mtama, tumbo lisielemewe. Besheni ya kuoga tuliiweka juani, akaingia mwenyewe. Mbaazi na karanga zilikuja baada ya hapo, za kumrudishia nyama ya kifua, maana safari ndefu inachoma mafuta kwanza na baadaye inaanza kula msuli. Siku ya nne au ya tano hivi nilimsikia anamgurumia jike wake. Sioni aibu kusema nilikaa pale juu ya ndoo nikamsikiliza.

Hapa ningefunga kwa kusema msinunue. Nilikuwa hata nimeshaandika hivyo. Lakini mwenzetu wa Ruashi alikuwa na pakiti halisi ya unga uleule, ameletewa na shemeji yake. Tukasoma: kijiko kidogo kimoja kwa lita mbili. Kijiko cha supu ni vidogo vitatu. Piga hesabu mwenyewe: nilimpa Kafubu mara sita ya kipimo. Tulipochanganya sawasawa, na tukatoa siku moja tu kisha maji ya kawaida, ndege wa mwenzetu walikunywa bila kubembelezwa, na kesho yake walikuwa juu ya bati wanapigana. Kwa hiyo unga ni mzuri. Naumia kuuandika, lakini ni mzuri.

Nikarudi dukani na plastiki yangu nyeusi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Bwana hakuwepo; alikuwepo binti, huenda ni wake, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Papa, utusamehe,” akanitolea pakiti iliyofungwa, na akanipa matabishi, ile nyongeza ya bure, konzi ya mtama. Hakutaka franga. Maneno yangu yote nikarudi nayo nyumbani.

Na kusema kweli, aliyemchosha Kafubu hakuwa muuzaji. Ni sisi tuliokubali lori la saa nne, siku ambayo hata mbwa walikuwa wamelala chini ya magari. Mke wangu alinikumbusha hilo mara mbili, mara ya pili mbele ya mzee.

Bado, mtu anayeuza dawa bila kusoma kipimo asiuze dawa, auze hizo karanga.

Unga: nyota nne. Binti: tano. Bwana: sina nyota ya kumpa. Tunarusha tena mvua zikipungua kidogo, na pakiti imebaki nusu. Ikiisha nitamtuma mtoto, aangalie kwanza mlangoni ni nani yuko mezani.