FreshRSS kwenye seva ya nyumbani, na yule kijana wa "kwani habari si zipo Facebook?"

Maoni haya nilipanga yawe ya kuisifu FreshRSS mwanzo mwisho. Bahati mbaya katikati ya safari nikapiga simu huduma kwa wateja ya kampuni inayoniuzia intaneti, na tangu siku hiyo sijatulia. Kwa hiyo mtanivumilia, sifa zipo na hasira zipo.

FreshRSS kwanza. Ni programu huria ya kusomea habari. Unaiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe, unaipa milisho ya RSS (orodha ya habari mpya ambayo tovuti huitoa ili programu iisome) ya tovuti unazozipenda, yenyewe inakukusanyia. Yangu ipo kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, juu ya kabati la vyombo, karibu na ruta. Nimeiwekea BBC Swahili, DW Kiswahili, blogu za kilimo, pamoja na tovuti kadhaa za WordPress ambazo nadhani wenyewe hawajui kama zina mlisho (ongeza /feed mwisho wa anwani, mara nyingi unaupata). Habari zinakuja kwa mpangilio wa saa zilipochapishwa. Hakuna anayeniamulia kwamba leo nianze na ugomvi wa wasanii, na hakuna kampuni inayohesabu nimesoma mara ngapi habari za kisukari. Waliotumia Google Reader, kisomaji cha milisho cha Google, wanakumbuka ilivyofungwa tarehe 1 Julai 2013, watu wakabaki wanahangaika na faili zao za OPML, zile zenye orodha ya milisho yao. Hii yangu nikasema hakuna wa kunifungia.

Kuiweka kwa Docker, yaani programu ikija imefungashwa na vyote inavyohitaji, si kazi ngumu. Nilijaribu pia Miniflux, kisomaji kingine cha aina hii, nzuri sana, ila inataka PostgreSQL, hifadhidata kubwa ya kuendesha pembeni. FreshRSS inatosheka na SQLite, hifadhidata ya faili moja tu, na kwa mtu mmoja nyumbani inatosha kabisa. Kilichonikera ni kimoja: usipoiwekea CRON_MIN, mpangilio wa dakika za kuchota habari mpya, haijisasishi yenyewe, unaamka asubuhi unakuta vichwa vya jana vilevile. Jambo kama hilo lingeandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa. Lakini zile tovuti zinazokupa mistari miwili kisha "soma zaidi", unaionyesha FreshRSS ni sehemu gani ya ukurasa yenye makala, inakuletea habari nzima. Hapo nilifurahi mpaka nikamwita mke wangu aje aone.

Kasheshe ilianza nilipotoka nje. Nyumbani inafunguka vizuri. Nikiwa kwenye daladala ya Posta, haifunguki. Nikaingia kwenye ruta, upande wa WAN, yaani unaotazama intaneti, nikakuta anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) inaanza na 100.72. Nikafungua tovuti ya kuonyesha IP, ikanipa anwani nyingine kabisa. Hiyo ndiyo CGNAT. Kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama nyumba ya wapangaji wanaochangia mita moja ya LUKU. Wewe unatoka nje bila shida, wa nje hana pa kukufikia. Namba za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, kwa sababu anwani za IPv4, za mtindo wa zamani, zimekuwa chache. Hilo nalielewa na sina ugomvi nalo. Ila kampuni, mweleze mteja, mpe IPv6, zile anwani mpya zilizo nyingi, au mtajie bei ya anwani ya peke yake.

Basi nikapiga simu. Muziki, tangazo la ofa, muziki tena. Akapokea kijana.

"Kaka, una kampuni?"

"Sina, nimelipia kifurushi cha nyumbani."

"IP ya peke yako ni ya wateja wa biashara tu. Wewe unaitakia nini?"

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba nina seva ndogo, inanikusanyia habari, nataka kuzisoma nikiwa kazini. Akakaa kimya kidogo. "Kwani habari si zipo Facebook?" Nikasikia mwenzake anacheka pembeni. Nikauliza kuhusu IPv6, akaniambia nizime ruta kisha niiwashe. Nikaomba kuongea na msimamizi wake. "Yupo kwenye kikao, kaka," na simu ikakatwa.

Nalipa kila mwezi, sijawahi kuchelewa. Kama hawezi kunipa, aseme hatuna, nitaelewa. Lakini kunipangia nisomee wapi habari, tena kwa kicheko, amepata wapi ruhusa hiyo?

Njia iliyobaki ni Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa faragha, inayotumia teknolojia ya WireGuard. Simu na seva zinatafutana zenyewe bila kuhitaji IP ya wazi, na kwa kweli inafanya kazi, sasa nasoma hadi kwenye foleni ya Mwenge. Ila hiyo ni VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitangaza kwamba watu na kampuni wanaotegemea VPN wazitolee taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na IP waliyopewa. Ipi sasa? Hii ninayochangia na mtaa mzima? Kampuni inanibania anwani, ninapozunguka nakutana na fomu inayonidai anwani hiyohiyo, na yote haya ni kwa ajili ya kusoma habari za bei ya parachichi!

Kwa hiyo, mnaoniuliza kama muiweke: kama mpo kwenye faiba ya nyumbani ya aina hii niliyonayo, msijisumbue, mtaumia roho bure. Nilikuwa nimeishia hapo. Lakini leo asubuhi nimeifungua kabla ya chai, nikasoma kila nilichotaka mpaka mwisho, na nikaona siwezi kuwanyima watu kitu hiki kwa sababu ya kijana mmoja asiye na adabu. Wekeni. Hata ikibaki ya kusomea ndani ya nyumba, wekeni. Programu naipa tano kwa tano. Kampuni naihama kifurushi kikiisha, na anayejua inayompa mteja wa nyumbani IPv6 hapa Dar aniambie jina, nalipia siku hiyohiyo.