TAHADHARI: Muuza "vali za gesi za maabara" anawauzia watu vali za mashine za hewa

Jamani wenzangu wa matangi ya samaki na mimea ya majini, someni hii kabla hamjamtumia mtu yeyote pesa ya vali ya gesi, ile ya kupimia kaboni dioksidi tunayoilisha mimea. Jambo hili nimekaa nalo moyoni kwa aibu, nikajiambia nitanyamaza, hadi juzi nilipoona tangazo lake limerudi: picha zile zile, maneno yale yale, jina jipya. Sinyamazi tena. Anauza vali anazodai ni za sindano, za kupimia gesi maabara, zenye chapa ya kampuni kubwa inayojulikana. Sizo. Mtu huyu ni tapeli, na ubaya wake ni kwamba mambo ya gesi anayajua.

Nilikuwa natafuta vali mpya ya tangi langu baada ya yale ya solenoidi, ile vali ya umeme inayofungua na kufunga gesi.

Mtu asiniambie ningemtambua mapema. Alianza yeye kuniuliza maswali. Tangi lako lita ngapi? Regyuleta, kile kipunguza presha cha kwenye mtungi, ni ya hatua moja au mbili? Presha ya kutokea umeiweka bar ngapi? Ugumu wa kabonati wa maji yako ukoje? Tapeli gani anauliza ugumu wa kabonati? Nilipomwambia regyuleta yangu ni ya hatua moja, akanionya vizuri kabisa. Ndani ya mtungi, akasema, presha hukaa karibu bar 57 kwenye nyuzi 20 maadamu kuna gesi ya kimiminika. Kimiminika kikiisha, presha ya mtungi huanguka, na kwenye regyuleta ya hatua moja presha ya kutokea hupanda badala ya kushuka. Hapo vali ya hovyo humwaga gesi kwenye tangi ukiwa hupo. Ukweli mtupu, neno kwa neno. Halafu akanitajia namba: sindano iliyochongwa kwa mteremko wa digrii 1, Cv (kipimo cha kiasi kinachopita kwenye vali) 0.004, yaani hata ukiifungua yote hupitisha gesi kidogo sana. Nikaenda kuzitafuta namba hizo, nikazikuta zimeandikwa na kampuni yenyewe. Namba ni za kweli. Ila ni za vali nyingine, si ya kwake.

Na mwanzoni hakunisukuma ninunue. Alisema niangalie kwanza video, nikiridhika ndipo tuongee bei.

Video ile naiona hadi leo. Kwanza akaonyesha vali imefungwa kwenye regyuleta, inang'aa, maandishi ya kampuni yanasomeka. Kisha kamera ikasogea karibu kabisa na kihesabu viputo, kile kichupa cha maji ambamo gesi hupita kiputo kimoja kimoja. Nikasikia sauti yake: "Angalia sasa ndugu yangu, nafungua." Akazungusha kitasa kwa vidole viwili, taratibu. Kimya. Akazungusha tena, kiputo kimoja kikapanda. Akaachia mkono. Cha pili. Cha tatu. Akaweka saa pembeni akahesabu kwa sauti, kiputo kimoja kila sekunde, dakika nzima bila kuruka hata kimoja. Kisha, na hapa ndipo aliponimaliza, akaongeza kidogo vikawa viwili kwa sekunde, akarudisha, vikarudi kimoja. "Hii haitembei," akasema. "Ukiiweka, umeiweka." Yeyote aliyewahi kuamka usiku kuhesabu viputo kwa tochi anajua maneno hayo yanagusa wapi.

Nikalipa. Aliomba nimtumie pesa moja kwa moja, nje ya mfumo wa malipo wa pale alipotangazia, eti makato yanamla faida.

Vali ikafika ikiwa nzito na safi mkononi. Nikaifunga, nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote, hakuna kuvuja. Nikaweka presha ya kutokea bar 2, maana kisambazaji changu cha gesi, kinachoivunja kuwa viputo vidogo majini, kinahitaji nguvu hiyo. Nikafungua kitasa: kimya. Kidogo tena: kimya. Nikaongeza kiasi ambacho hata jicho halikioni, viputo vikafumuka mfululizo kama bomba lililopasuka. Nikarudisha, vikakatika kabisa. Kati ya hakuna na mafuriko hapakuwa na mahali pa kusimama. Nilishinda pale hadi mgongo ukauma, mwisho nikapata mahali viputo vilipotulia, au vilipoonekana kutulia.

Nikamwandikia. Akajibu papo hapo, kwa upole ule ule: vali mpya hubana, iache ifanye kazi kidogo italainika. Nikamwamini, kwa sababu kila alichowahi kuniambia kabla ya hapo kilikuwa sahihi.

Kesho yake taima ikafungua solenoidi kama kawaida kabla ya taa kuwaka. Niliporudi nyumbani, kile kichupa cha kupimia gesi ndani ya tangi, ambacho kikiwa kijani ndiyo salama, kilikuwa cha njano kabisa. Samaki wote wako juu wanatweta, midomo nje ya maji. Uduvi wamelala chini kwenye mimea ya mosi (moss). Gesi ikizidi majini, samaki hawezi kuitoa ile iliyo kwenye damu yake, hata kama oksijeni ipo tele. Nikafunga mtungi, nikawasha pampu ya hewa, nikabadilisha nusu ya maji. Kardinali, wale samaki wangu wadogo, wengi sikuwaokoa. Wale niliwalea tangu wakiwa hawaonekani vizuri kwenye majani, na kwa hilo simsamehei.

Ndipo nikaifungua ile vali. Ndani hakuna sindano ya digrii 1 wala ya digrii yoyote. Kuna ncha butu, na pembeni yake kijimpira chenye mdomo. Kile kijimpira ndicho kinachomuumbua. Ni kifaa cha kupunguza mwendo wa pistoni kwenye mashine za viwandani zinazoendeshwa kwa hewa: hewa ikienda upande mmoja hubanwa, ikirudi upande wa pili huachiwa ipite bure. Kwa kazi yake ni kifaa halali, na cha bei nafuu. Kwenye mwili wake, alama inayoonyesha hivyo ilikuwa imesuguliwa kwa msasa, na jina la kampuni ya maabara likachorwa juu yake. Hayo hayatokei kwa bahati mbaya. Mtu alikaa chini akasugua, akachora, akapiga picha.

Nikamtumia picha za vipande vyote. Akazisoma. Jibu lake: je, niliikaza sana nilipokuwa nafunga? Maana sindano nyembamba huharibika ukiitumia kama vali ya kufungia gesi kabisa. Na hilo nalo ni kweli, kwa vali halisi! Hata pale aliponaswa aliendelea kunipiga kwa ukweli. Nilipomuuliza kuhusu kijimpira, akanizuia, na akaunti ikapotea.

Ninachotaka ni hiki. Akaunti zake zote zifungwe, hii mpya nayo. Arudishe pesa za kila mtu, siyo zangu peke yangu. Na ile kampuni ambayo jina lake anachora kwenye takataka ijulishwe imshtaki, kwa sababu kughushi chapa ni kosa la jinai, siyo "biashara imeenda vibaya" kama rafiki mmoja alivyoniambia. Msimtetee. Msiniambie vali ni vali. Anaposema presha na Cv anajua fika vali mbaya inafanya nini kwenye tangi, kwa hiyo alijua samaki watakufa, na bado akatuma.

Video yake inadanganya kwa namna rahisi, nimeijaribu mwenyewe kwa ile ile vali yake. Ukishusha presha ya kutokea karibu na sifuri, hata ncha butu hutoa viputo vizuri kwa dakika chache. Ukiweka gliserini badala ya maji kwenye kihesabu, vinapanda taratibu na kupendeza zaidi. Kwenye video geji haionekani hata mara moja, na mpira wa gesi hauendi kwenye kisambazaji chochote, unaishia nje ya picha. Mwambieni aonyeshe geji ya presha ya kutokea, kihesabu na kisambazaji kwa pamoja, bila kukata, kisha solenoidi izimwe na kuwashwa tena. Vali nzuri hurudi ilipokuwa. Atakataa.

Kitu kingine ni kitasa. Vali halisi ya kupimia huzunguka mizunguko mingi kutoka kufungwa hadi kufunguka, na kila mzunguko huongeza gesi kidogo tu. Hii yake kazi yote iko kwenye robo ya mzunguko. Mwangalieni pia anavyotaka pesa nje ya mfumo, na mwili wa vali ukiwa na sehemu laini kuliko zingine, ni msasa huo. Yapo na mengine lakini hasira haziniruhusu kuyapanga. Mtu wa namna hii hafai kuuza hata chakula cha samaki.

Mliowahi kununua kwake, tumeni picha za ndani ya vali zenu na mazungumzo yake, msifute kitu, nayakusanya yote kwa ajili ya malalamiko. Na kama vali yake iko kwenye tangi lako sasa hivi, usingoje taima izime: funga mtungi, washa hewa, na usifungue gesi tena hadi uwe umeitoa.