YubiKey ofisini: uzoefu wangu

Nipo idara ya uhasibu, Dar es Salaam. Kabla ya YubiKey, ufunguo mdogo unaochomekwa kwenye kompyuta kuthibitisha kuwa ni wewe unayeingia, tulilazimika kubadilisha nywila kila baada ya siku 90, iwe na herufi kubwa, namba na alama, na isifanane na za nyuma. Watu wakaishia kuandika jina la mwezi na mwaka, au kubandika kikaratasi chini ya kibodi. Kisha wakaitwa wazembe. Hapo sikubaliani kabisa! Mtu anayefungua mifumo mitano huku wateja wamejaa dirishani hawezi kukariri yote hayo. Hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilielekeza mwaka 2017 kwamba watumiaji wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kufuata kalenda, ila pale inapoonekana imevuja.

YubiKey yenyewe ni ndogo kuliko flashi nyingi na haina betri. Unaichomeka kwenye USB, unaandika PIN, taa yake ndogo inawaka na kuzima, unagusa sehemu ya rangi ya dhahabu, umeingia. Hakuna kusubiri meseji yenye namba ya kuthibitisha, ambayo mtandao ukisumbua inafika muda wake umeshapita.

Kilichonikosha zaidi ni kwamba ufunguo unafanya kazi kwa anwani ya tovuti uliyousajilia tu. Matapeli wakitengeneza ukurasa unaofanana na wa kweli hadi nembo, wakabadilisha herufi moja kwenye anwani, mimi saa kumi na moja jioni, macho yamechoka, naweza nisiione. Ufunguo hautawajibu. Google iliwapa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 funguo za aina hii, na mwaka 2018 ikasema tangu mwanzoni mwa 2017 hakuna hata mmoja aliyeibiwa akaunti ya kazi kwa ulaghai wa namna hiyo.

Gharama ipo: nunua mbili, kwa sababu haiwezekani kutengeneza nakala ya ufunguo uliopotea. Wa akiba usajili siku hiyohiyo, ufungie kabatini. PIN ukiikosea mara nane mfululizo inajifunga, na kuifungua ni kufuta kila kitu na kusajili upya. Mifumo mingi ya zamani ya mishahara haiutambui kabisa, kwa hiyo huko nywila bado ipo.

Ndugu zangu wa IT, mkigawa funguo hizi kaeni na mtu mezani kwake mpaka aingie mwenyewe. Barua pepe ya maelekezo haitoshi. Na kabla ya kuagiza, angalieni matundu ya kompyuta zenu: za USB-A (plagi pana) na za USB-C (plagi ndogo) zinauzwa tofauti.